Punda Amevunjika Mguu: Tufanye Nini Kabla Daktari Hajafika?

Maswali yaliyotufikia mwezi huu kutoka Lamu na Malindi yanakaribiana sana, kwa hiyo tumeyaweka pamoja. Daktari wetu wa mifugo ameyajibu, mengine kwa kirefu na mengine kwa ufupi.

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Nina punda wanne hapa Langoni, Lamu, wanaobeba mchanga na mawe ya ujenzi. Majuzi vijana wangu walikuwa wakipakia mchanga ulioshushwa kutoka kwenye jahazi, na punda mmoja aliingiza mguu wa mbele katika mtaro, akaanguka na mzigo mgongoni. Alipoinuka, mguu ulikuwa ukining'inia chini ya goti. Vijana walimtua mzigo, wakamkokota kwa miguu mitatu hadi Wiyoni tunakowalaza, na njiani mfupa ukatoboa ngozi. Jirani mmoja alitwambia tumuue papo hapo. Mzee mmoja akasema afungwe vijiti na majani, nasi tukafuata la mzee. Daktari alifika siku ya pili, akamtazama, akasema halikubaki la kufanya ila kumdunga sindano ya kumfisha. Je, angepona lau tungemuwahi? Na likitokea tena, tufanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa namna ulivyoeleza, mvunjiko ule ulipotokea bandarini ulikuwa wa kujaribiwa, kwa kuwa ulikuwa chini ya goti, ngozi ilikuwa nzima, na punda ni mnyama mwepesi. Siwezi kukuhakikishia kwamba angepona, lakini kilichomwondolea matumaini zaidi ni ile safari ya kwenda Wiyoni. Silisemi hili kwa kukulaumu, maana wengi hufanya hivyo hivyo: mnyama akiumia, jambo la kwanza linalomjia mwenyewe ni kumrudisha nyumbani.

Mguu wa punda, kama ulivyo wa farasi, hauna nyama kuanzia goti la mbele, au kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma, kushuka hadi kwenye kwato. Hapo pana mfupa, kano, mishipa na ngozi tu. Mfupa ukikatika hakuna msuli wa kuushikilia wala wa kuufunika. Ncha zake ni kali, na kila hatua anayopiga mnyama huzisugua, zikakata mishipa midogo ya damu ambayo ndiyo ingeulisha mfupa wakati wa kuunga, na mwisho zikatoboa ngozi. Ngozi ikishatoboka, vumbi la njia, mchanga na mavi huingia hadi mfupani, na uchafu wa namna hiyo haumalizwi kwa kuoshwa. Kwa punda aliyekomaa, mvunjiko uliofunikwa na ngozi na mvunjiko ulio wazi ni mambo mawili mbali kabisa: wa kwanza una nafasi, wa pili una nafasi ndogo sana.

Kwa hiyo siku likitokea tena, Mungu apishie mbali, la kwanza ni kwamba mnyama asipige hata hatua moja. Kamba za mzigo zikatwe kwa kisu badala ya kufunguliwa kwa kuvutwavutwa, shogi, yaani kapu la mzigo la mgongoni, ishushwe taratibu, na mtu anayemzoea amshike kichwa na kumtuliza. Watazamaji waondoke, hasa watoto na wenye pikipiki. Ikiwa ana mwenzake anayetembea naye kila siku, mleteni asimame karibu, kwa sababu punda aliyetenganishwa na mwenziwe huhangaika, na mahangaiko yake ndiyo yanayomfanya atupe mguu huku na huku. Kama ameanguka na ametulia, mwacheni alale; asilazimishwe kusimama kwa fimbo wala kwa kuvutwa mkia.

Wakati huo huo mtu mmoja awe ameshaondoka kumwita daktari. Ninyi wa mjini Lamu mna bahati ambayo wenye punda wengi nchini hawana, kwa kuwa tangu mwaka 1987 pana kituo cha hifadhi ya punda pale pale ukingoni mwa bahari, kinachotibu bila malipo, na kutoka bandarini mtoto mwenye mbio anafika kabla chai haijapoa. Aliyeko Pate, Siyu au Kipungani hana njia ila simu. Basi apige simu, na ikiwezekana atume picha ya mguu mzima, kutoka begani au nyongani hadi chini, si picha ya jeraha peke yake, kwa maana daktari anataka kujua mvunjiko uko wapi kabla ya kujua unafananaje.

Kama damu inaruka au kumiminika, kandamizeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa, na kikilowa msikiondoe, ongezeni kingine juu yake. Jeraha lililo wazi lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa nusu lita, kisha lifunikwe. Msitie mafuta ya taa, majivu, oili ya mashine wala kahawa. Nimeyaona yote hayo kwenye vidonda vya punda, na yote huua nyama ambayo ingesaidia kufunga jeraha.

Sasa tuje kwenye magango, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Mzee aliyewaambia mfunge vijiti hakukosea katika wazo lenyewe. Mguu uliovunjika chini ya goti unahitaji kuzuiwa usicheze, na unahitaji hivyo tangu dakika za mwanzo. Kasoro huwa katika namna ya kufunga. Vijiti vifupi vilivyofungwa kwa kamba juu ya ngozi tupu hukata damu isishuke kwenye kwato, na vikiishia pale pale palipovunjika hugeuka kuwa nyenzo inayoupinda mfupa kwa nguvu zaidi kuliko kama mguu ungeachwa. Gango la kufaa lizuie kiungo cha juu ya mvunjiko na kiungo cha chini yake. Anzeni kwa kuuzungusha mguu pamba nyingi, au vitambaa laini, shuka kuukuu, hata godoro la sponji lililokatwa vipande, na kila tabaka likazwe kwa bendeji kabla ya kuongeza jingine, hadi mguu unenepe kiasi cha mara tatu ya ulivyokuwa. Juu ya unene huo ndipo mnapoweka vibao viwili, au bomba la plastiki la maji lililopasuliwa kwa urefu, kimoja upande wa nje na kingine mbele au nyuma, na kufunga kwa nguvu kuanzia ardhini kwenda juu. Kwa mguu wa mbele uliovunjika kati ya goti na kifundo, yaani kiungo kilicho juu ya kwato, vibao vianze chini kwenye kwato na vifike kwenye kiwiko, pale mguu unapokutana na kifua.

Mahali pa mvunjiko hubadilisha mambo. Ukiwa chini kabisa, kwenye kifundo au karibu na kwato, mguu wa mbele unyooshwe hadi mnyama akanyage kwa ncha ya kwato, na kibao kikae mbele. Kwa mguu wa nyuma kibao hukaa nyuma. Ukiwa juu ya goti la mbele, au kwenye muundi wa mguu wa nyuma, kuna hatari isiyoonekana kwa urahisi: misuli iko upande wa nje, upande wa ndani ni ngozi tu, na misuli hiyo ikivuta mguu utoke nje, mfupa hutoboa upande wa ndani. Hapo kibao cha nje lazima kiwe kirefu, kifike hadi juu ya bega au ubavu wa nyonga, ili mguu usipanuke. Na ukiwa juu zaidi ya hapo, kwenye bega au paja, msifunge kitu chochote. Gango lililofungwa chini ya mvunjiko wa paja hufanya kazi kama ndoo iliyoning'inizwa kwenye kamba: uzito wake hubembea na kuzidi kuuchana mguu.

Mkishafunga, ndipo mnaweza kufikiria kumhamisha, na hata hapo ni vyema kumngoja daktari amdunge dawa ya kutuliza na ya maumivu. Punda si mzito. Mkokoteni na watu wanne au sita wanaweza kumbeba akiwa amelala juu ya majani au godoro. Ikiwa atasafirishwa amesimama, katika gari huko bara au katika mashua, basi aliyeumia mguu wa mbele ageuzwe kichwa nyuma, na aliyeumia wa nyuma aelekee mbele, ili chombo kinapopunguza mwendo ghafla uzito umwangukie kwenye miguu mizima.

Kuhusu dawa, nakuomba usimpe vidonge vya binadamu vya maumivu. Dawa kama diklofenaki humtoboa punda vidonda vya tumbo, na zaidi ya hapo, mnyama aliyepunguziwa maumivu kabla mguu haujafungwa ataukanyagia. Daktari hutumia fenilibutazoni au flunikisini, tena kwa mpangilio tofauti na wa farasi, kwa sababu mwili wa punda huziondoa dawa hizo upesi zaidi. Atamdunga pia kinga ya pepopunda, ugonjwa unaowapata punda na farasi kwa wepesi sana kupitia jeraha dogo tu.

Limebaki la jirani aliyesema auawe papo hapo. Hakuwa na ukatili. Alikuwa akimwonea huruma. Lakini mimi humzuia mtu wa namna hiyo kwa sababu moja. Punda anayeshindwa kabisa kukanyaga si lazima awe amevunjika. Usaha ukijaa ndani ya kwato, kwa sababu ya msumari, kipande cha jiwe au kwato iliyooza, humfanya ainue mguu na kukataa kuugusisha chini, na mwenye haraka atakwambia mguu umekatika. Daktari huikwangua kwato kwa kisu, usaha hutoka, na baada ya siku chache mnyama anatembea. Tazameni kama mguu umepinda pasipo kiungo, kama unalegea na kuning'inia, kama mnasikia mifupa ikisagana. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, msikate tamaa wala msinoe kisu hadi kwato ipimwe.

Ama kwa yule aliyekwisha kuvunjika vibaya, mfupa uko nje au mvunjiko uko kwenye paja la punda mkubwa, daktari wako alisema sawa. Ninachokipinga ni kumfunga mnyama kama huyo nyuma ya nyumba wiki nzima kwa kusema tungoje tuone. Punda haonyeshi maumivu kwa kelele; husimama kimya, masikio yamelegea, na watu wakadhani hana neno. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumtumikisha mnyama aliyejeruhiwa, na dini yetu inadai ihsani hata katika kuua.

Na kwa kuwa umetaja mtaro: punda mwenye afya wa kilo 160 hubeba kilo 50 hivi, ambazo ni mfuko mmoja wa saruji. Anayebeba miwili hana namna ya kujizuia mguu ukiteleza.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa hapa Malindi. Huwa natazama mbio za farasi kwenye simu, na nimeona farasi akivunjika mguu, watu wanazungusha pazia, kisha wanamuua. Hao ni farasi wa mamilioni ya pesa, katika nchi zenye hospitali kubwa za wanyama. Kwa nini wasimtibu kama mtu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mara nyingine hujaribu, na mfano unaojulikana zaidi ni wa Barbaro, aliyeshinda Kentucky Derby nchini Marekani mwaka 2006. Majuma mawili baadaye, tarehe 20 Mei, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia mwanzoni mwa mbio nyingine huko Baltimore. Alipasuliwa siku iliyofuata katika hospitali ya farasi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na daktari mpasuaji Dean Richardson aliuunga mguu kwa bamba la chuma na skrubu 27. Walimwamsha akiwa ameelea katika bwawa la maji, ili asijirushe dawa ya usingizi ilipokuwa ikimtoka. Mfupa wenyewe ulianza kuunga vizuri. Kilichomwangusha ni miguu mingine: farasi wa kilo 500 akiegemea mguu mmoja mzima kwa majuma, damu haifiki sawasawa ndani ya kwato ya mguu huo, nyama inayoishikilia kwato kwenye mfupa huvimba na kuachana, na mnyama hubaki hana pa kukanyaga. Barbaro alidungwa sindano ya mwisho tarehe 29 Januari 2007, baada ya miezi minane ya matibabu ambayo mwenye pesa kidogo hawezi hata kuyaanza.

Kabla yake, mwaka 1975, farasi jike aitwaye Ruffian alivunjika mguu wa mbele katika mbio za farasi wawili huko New York, akapasuliwa usiku huo. Alipozinduka alianza kupiga mbio akiwa amelala ubavu, akavunja plasta na kuuharibu mguu upya, na hakuona siku ya pili ikiisha. Bwawa la Barbaro lilitokana na misiba ya namna hiyo.

Mtu aliyevunjika mguu huambiwa alale. Farasi hawezi kulala siku nyingi, kwani uzito wake mwenyewe hukandamiza misuli na mapafu, na tumbo lake husokota akikosa kutembea. Tena anavunjika akiwa katika mbio za zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na mfupa unaopokea kishindo hicho haukatiki vipande viwili tu, husagika vipande vipande. Ndiyo maana pazia huzungushwa. Lakini usidhani ni hukumu ya kila farasi: mpasuko mdogo kwenye mfupa ukigunduliwa mapema kwa eksirei hufungwa kwa skrubu moja au mbili, na wapo wanaorudi uwanjani.

Huku kwetu, ukiona punda wa mbio za Maulidi amechechemea, usiziingize habari hizo za Marekani akilini. Punda hafiki nusu ya uzito wa farasi, ana subira ya kukaa na plasta, na hapaparuki anapoamka.

SWALI: Daktari, nakuandikia kutoka Matondoni. Punda wangu ana mtoto wa miezi miwili, na juzi alikanyagwa na punda dume, mguu wa nyuma ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Hakuna jeraha. Mume wangu anataka kumpeleka kwa muungaji mifupa anayewaunga watu, naye ni hodari. Una maoni gani?

JIBU: Dada yangu, katika maswali yote ya mwezi huu, lako ndilo linalonipa moyo. Mfupa wa mtoto wa punda huunga upesi, mara nyingi ndani ya majuma sita hadi manane, na uzito wake ni mdogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo awekewe plasta, na kama hamna eksirei karibu, mkono wa daktari mzoefu unatosha kwa mvunjiko wa mahali hapo. Muungaji wenu simdharau, na hodari wao hupanga mfupa vizuri. Ila yeye amezoea mgonjwa anayeambiwa asikanyage naye akatii. Mtoto wa punda atasimama kunyonya dakika ile ile anapoachiwa, na gango la kuti au la vijiti halistahimili hilo.

Plasta ya mnyama anayekua ibadilishwe kila baada ya siku 10 hadi 14, vinginevyo itambana. Kila siku iguse kwa mkono: ikiwa na joto mahali pamoja, ikinuka, ikivutia nzi, au mtoto akianza kuchechemea zaidi ya jana, usingoje siku ya kubadilisha. Mweke na mama yake katika zizi dogo lenye mchanga mkavu au majani, asitoke. Usimtenge na mama yake hata kwa usiku mmoja.

Na mama naye mwangalie. Punda anayenyonyesha akipata mshtuko na kuacha kula siku mbili tatu, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, mafuta hayo yakajaa kwenye damu na kuharibu ini, na wengi hufa kwa hilo. Ni hatari inayompata punda yeyote mgonjwa, hata aliyefungwa plasta vizuri, na mara nyingi watu husema amekufa kwa mguu. Kwa hiyo mpelekee majani mabichi, maganda ya ndizi, chochote anachokipenda, na ukiona anachezea chakula mdomoni bila kumeza, mwite daktari siku hiyo hiyo.

SWALI: Punda wetu wa Shela alivunjika paja na akafishwa kwa sindano. Vijana walitaka kumtupa baharini, wengine wakasema azikwe kwenye vilima vya mchanga. Lipi sawa?

JIBU: Hakuna hata moja. Baharini maji yatamrudisha. Na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa Lamu, basi hapo msizike mzoga wa aina yoyote. Dawa ya kumfishia, pentobabitali, hubaki katika nyama. Mbwa, paka na kunguru wakiila watakufa nao, kwa hiyo mzoga usiachwe wazi hata usiku mmoja. Chimbeni mahali pakavu mbali na visima na mkondo wa maji, shimo la kutosha kuacha angalau mita moja ya udongo juu yake. Kama alikuwa na mwenziwe, mwacheni mwenziwe huyo amnuse na kusimama naye kwa muda kabla hamjamwondoa. Anayenyimwa hilo hulia na kumtafuta kwa siku kadhaa, na wengine huacha kula, ndipo mnarudi kwenye ile hatari ya mafuta niliyomweleza dada wa Matondoni.